Mlinzi wa Kijiji ni Nani? Habari za Polisi, Viongozi na Sungusungu wa Usukuma

Chungu hakikai juu ya figa moja, wala hakikai juu ya mafiga mawili; sharti yawe matatu. Ndivyo ilivyo amani ya kijiji. Figa la kwanza ni askari polisi, ambaye kazi yake ni kuzuia uhalifu na kumkamata mhalifu. Figa la pili ni kiongozi, yaani mtu wa utawala au wa siasa: mwenyekiti wa kijiji, diwani, mbunge, mkuu wa wilaya. Figa la tatu ni wenyeji wenyewe. Figa moja likiteleza, chungu humwagika, na watakaolala njaa ni wote pamoja.

Katika habari hii twataka kueleza jinsi mafiga hayo yalivyoteleza katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, huko Tanzania, tangu miaka ya 1970, na jinsi watu walivyojaribu kuyasimamisha tena. Mambo yaliyotokea huko yaweza kutokea mahali po pote, na mwenye busara hujifunza kwa ajali ya jirani yake kabla haijamfikia yeye.

Kwanza yafaa tukumbuke desturi ya zamani. Wakati wa utawala wa Waingereza, polisi wa Serikali, ambao jeshi lao lilianzishwa mwaka 1919, walikaa zaidi mijini na bomani. Vijijini amani ilikuwa mikononi mwa watemi na wanangwa wao, kwa nguvu ya sheria ya utawala wa wenyeji ya mwaka 1926. Mtemi alikuwa na baraza lake la kuamua mashauri, na matarishi wake wa kumwita mtu au kumkamata. Hatusemi kwamba desturi hiyo ilikuwa haina kasoro. Wako watemi waliowapenda watu wao, na wako waliotumia matarishi kuwaonea. Lakini jambo moja lilikuwa wazi: mtu aliyeibiwa alijua aende kwa nani, na yule aliyemwendea alimjua yeye, na baba yake, na ng'ombe wake.

Mwaka 1963, baada ya uhuru, utawala wa watemi ulikomeshwa kwa sheria. Mahali pao wakaja maofisa wa Serikali na viongozi wa chama cha TANU. Tena katikati ya miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, watu wengi wakahamishwa kutoka makazi yao yaliyotawanyika, wakakaa pamoja katika vijiji vikubwa. Watu waliokuwa hawajuani jana wakawa majirani leo. Mzee aliyekuwa akiheshimiwa katika kitongoji chake cha zamani akawa mgeni tu katika kijiji kipya. Polisi nao walikuwa wachache, na vituo vyao vilikuwa mbali.

Katika hali hiyo wizi wa ng'ombe uliongezeka. Msomaji asiyetoka katika nchi ya wafugaji asidhani kwamba ng'ombe ni nyama na maziwa tu. Ng'ombe ndiye mahari ya kijana, ndiye plau ya mkulima, ndiye akiba ya mwaka wa njaa, ndiye karo ya mtoto. Mtu aliyeibiwa ng'ombe wake wote kwa usiku mmoja ameporwa kazi ya maisha yake, na pengine kazi ya baba yake pia.

Tufanye mfano. Mtu mmoja aamka alfajiri, aona zizi ni tupu. Afuata nyayo hata zinapotelea katika njia kuu. Asafiri mwendo mrefu kwenda kituo cha polisi. Huko aambiwa kwamba gari halina petroli, au askari wote wamekwenda kazini. Mwisho mtu mmoja ashikwa kwa kushukiwa, apelekwa mahakamani; lakini siku ya kesi shahidi haji, maana ameogopa kuchomewa nyumba, na hakimu hana budi kumwachilia mshitakiwa. Siku ya tatu mwizi huyo apita sokoni, acheka. Mwenye ng'ombe asema moyoni: "Polisi wamekula rushwa." Na polisi asema: "Wanakijiji hawa ni waongo, walalamika, kisha wakataa kutoa ushahidi."

Ni nani mwenye haki katika mfano huu? Huenda kila mmoja ana sehemu ya haki. Ni kweli kwamba wako askari waliokula rushwa, na mwananchi aliyeombwa fedha ili apokelewe mashitaka yake hawezi kulaumiwa akikata tamaa. Lakini ni kweli vilevile kwamba hakimu hawezi kumfunga mtu kwa sababu kijiji kizima chasema kwamba ni mwizi. Sharti apate ushahidi wa mtu aliyeona, au wa kitu kilichopatikana. Polisi bila ya habari za wananchi ni kama mtu atafutaye sindano usiku bila taa. Mwenye taa ni mwanakijiji. Na akiizima taa yake kwa hofu au kwa hasira, askari hata awe hodari namna gani hataona.

Sasa tuje katika jambo la huzuni. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, pamoja na wizi, palitokea mauaji mengi, na baadhi ya waliouawa walikuwa wazee, hasa wanawake, walioshukiwa kuwa wachawi. Viongozi wa juu walitaka mauaji hayo yakomeshwe upesi. Mwaka 1976 maofisa wa polisi na wa usalama walikamata mamia ya watu. Waliokamatwa waliteswa ili wakiri, na baadhi yao walikufa wakiwa mikononi mwa Serikali. Habari zilipofika juu, uchunguzi ukafanywa. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, ijapokuwa si yeye aliyempiga mtu ye yote. Pamoja naye walijiuzulu waziri mwingine na wakuu wa mikoa ile miwili. Baadaye baadhi ya maofisa walishitakiwa mahakamani, wakafungwa.

Kujiuzulu huko kumesifiwa sana, nako kwastahili sifa, maana kiongozi alikubali kwamba kosa la walio chini yake ni mzigo wake yeye. Mwinyi mwenyewe hakupotea kwa ajili hiyo, kwani mwaka 1985 alichaguliwa kuwa Rais wa Tanzania. Walakini msomaji atazame chanzo cha msiba. Viongozi walidai matokeo ya haraka. Polisi, kwa kuwa hawakuwa na habari za kweli kutoka kwa wananchi, wakazitafuta kwa fimbo. Habari ipatikanayo kwa fimbo si habari. Mtu anayeteswa atataja jina lo lote, hata la ndugu yake, ili maumivu yaishe. Basi wauaji wa kweli hawakupungua, na wananchi wakajifunza kumwogopa askari kuliko mwizi.

Baada ya vita ya Uganda ya mwaka 1978 na 1979 mambo yalizidi kuwa magumu. Silaha za vita zilienea mikononi mwa watu wasiostahili kuwa nazo, bidhaa zikaadimika madukani, na majambazi wakaanza kuvamia vijiji kwa bunduki. Ndipo watu wa Kahama na wilaya za jirani, katika mwaka 1981 na 1982, walipojitengenezea ulinzi wao wenyewe. Ulinzi huo uliitwa Sungusungu, jina la wale chungu weusi wenye kuuma ambao mtu akikanyaga mmoja hushambuliwa na wote. Mahali pengine waliitwa Wasalama, yaani watu wa salama.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Wanaume wa kijiji waliingia wote, kila mmoja akawa na upinde na mishale yake. Walichagua wakubwa wao, wakawapa majina ya kale: mkuu akaitwa mtemi, na chini yake wakawapo wasaidizi na makamanda. Mwizi akionekana, yowe lilipigwa, ambalo kwa Kisukuma huitwa mwano, na kila aliyelisikia alikuwa na wajibu wa kutoka. Yowe lilipokelewa na kijiji cha pili, kisha cha tatu, hata mwizi akajikuta njia zote zimefungwa mbele yake. Asiyetoka bila sababu alitozwa faini. Aliyeonekana na hatia naye alitozwa faini, au alipigwa, au alitengwa: hapana mtu wa kumpa moto, wala wa kumsalimu, wala wa kumsaidia kuzika.

Ukweli lazima usemwe kwamba ulinzi huo ulifaa. Wizi wa ng'ombe ulipungua sana, na watu waliokuwa wakilala macho wakapata usingizi. Kwa sababu hiyo Sungusungu ilienea upesi katika Shinyanga, Tabora na Mwanza, na baadaye Mara. Hapana ofisa aliyewaamuru watu kuianzisha.

Lakini ukweli wa pili lazima usemwe pia. Kundi la watu wenye hasira usiku si mahakama. Wako walioshitakiwa mbele ya Sungusungu ambao hawakupewa nafasi ya kujitetea. Wako waliopigwa hata kufa. Wako waliosingiziwa na adui zao kwa ajili ya shamba au mke. Na katika siku za mwanzo wako wanawake wazee waliofukuzwa vijijini au kuonewa kwa kushukiwa uchawi, na alama iliyosemwa mara nyingi ni macho mekundu. Kila mwalimu ajua, na yampasa kuwaambia wanafunzi wake, kwamba katika nchi iliyokosa miti mwanamke aliyepika miaka arobaini kwa moto wa kinyesi cha ng'ombe atakuwa na macho mekundu kwa moshi. Kazi ya kuwalisha watoto wake imekuwa shitaka juu yake.

Hapo mafiga matatu yakavutana kila moja upande wake. Polisi na mahakimu walisema: "Hawa wamejitwalia kazi isiyo yao. Sheria haiwapi ruhusa ya kukamata, kuhukumu na kupiga." Kwa hiyo baadhi ya wakubwa wa Sungusungu walikamatwa na kushitakiwa. Viongozi wa chama, ambacho tangu mwaka 1977 kiliitwa Chama cha Mapinduzi, kwa jumla walisema: "Wananchi wana haki ya kujilinda. Mwongozo wa mwaka 1971 ulisema kwamba ulinzi wa nchi ni wa wananchi wenyewe." Na wanakijiji walisema: "Polisi watukamata sisi kwa sababu tumeukata mkono uliokuwa ukiwalisha." Si ajabu pia kama jina la mtemi, ambalo sheria ya 1963 ililiondoa katika utawala, liliwatia wasiwasi baadhi ya wakubwa.

Msomaji mwema, usifanye haraka kumpa mmoja haki yote. Polisi alisema kweli kwamba mtu hawezi kuwa mshitaki, shahidi, hakimu na mpigaji kwa wakati mmoja. Mwanakijiji alisema kweli kwamba sheria isiyomfikia mtu hadi ng'ombe wake wameliwa haimfai kitu. Kiongozi wa siasa alisema kweli kwamba watu wenye umoja ni nguvu ya nchi. Lakini mara nyingine alisema hivyo kwa sababu watu wa Sungusungu walikuwa wengi na polisi walikuwa wachache, naye alipenda kupendwa na wengi. Kiongozi awasifuye wananchi mchana kwa kuwakamata wezi, kisha anyamaze usiku wanapompiga asiye na hatia, hajawasaidia. Amewaacha peke yao na kosa lao.

Dawa iliyotafutwa ilikuwa sheria. Mwaka 1984 Katiba ya Tanzania iliongezewa sehemu ya haki za binadamu. Ndani yake yasemwa kwamba mtu aliyeshitakiwa asitendewe kama mwenye kosa mpaka hatia yake ithibitishwe, na kwamba ni marufuku kumtesa mtu. Kisha mwaka 1989 Bunge lilibadili sheria za mgambo, na kwa mabadiliko hayo Sungusungu na Wasalama wakatambuliwa, wakapewa uwezo wa kumkamata mtu kama alivyo nao askari polisi. Hata hivyo hawakupewa uwezo wa kuhukumu. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha habari yetu yote: kukamata ni kazi moja, kuhukumu ni kazi nyingine, na mwenye kuchanganya kazi hizo mbili, awe askari, awe kiongozi, awe mwanakijiji, amekuwa hatari kwa wenzake.

Katika miaka ya 1990 ulinzi wa Sungusungu uliingizwa hata mijini, Augustine Mrema alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Na mwaka 1998 Wakuria wa upande wa Kenya, walioona jinsi ndugu zao wa Mara walivyopunguza wizi wa mifugo, waliuchukua mfano huo. Wakuria wana baraza lao la kale liitwalo iritongo, ambamo mashauri husemwa hadharani mbele ya wote. Baraza la wazi lina faida hii, kwamba uongo usemwao mchana mbele ya majirani mia ni mgumu kuliko uongo unong'onwao usiku katika sikio la mtu mmoja.

Tumesema juu ya polisi na wananchi. Sasa tuseme juu ya kiongozi anayemtuma polisi. Mwaka 1997 Tanzania ilitunga sheria ya utawala wa mikoa, iliyompa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa muda usiozidi saa 48, kama ana sababu ya kuamini kwamba mtu huyo atavunja amani. Wengi wamesikia habari ya hizo saa 48, lakini si wengi waliosikia masharti yake. Sharti amri iwe na sababu zilizoandikwa, na sharti mtu huyo afikishwe mbele ya hakimu katika muda huo, ama aachiliwe. Uwezo huo ulitolewa kwa ajili ya kulinda amani, wala haukutolewa ili kumwadhibu mwalimu aliyechelewa, au daktari aliyebishana na mkubwa, au diwani wa chama kingine. Panapotumiwa hivyo, atakayechukiwa na watu ni askari aliyetumwa, maana ndiye aliyeonekana akimfunga mtu pingu.

Tangu mwaka 2006 polisi wa Tanzania wamekuwa wakijaribu njia iitwayo polisi jamii, yaani polisi aliye karibu na watu, awajuaye na kujulikana nao. Maofisa wamewekwa katika kata, na vikundi vya ulinzi vimeundwa ili vishirikiane nao. Ukiitazama vema, njia hiyo yarudisha kitu kimoja kizuri cha zamani, yaani mlinzi amjuaye mwenye ng'ombe. Lakini yakiweka chini ya sheria moja kwa watu wote. Njia hiyo haitafaa po pote isipokuwa kila upande ushike wajibu wake.

Basi wajibu huo ni upi? Kwanza, wanavijiji. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ya mwaka 1985 yamruhusu mtu ye yote kumkamata anayefanya kosa kubwa mbele ya macho yake. Lakini akisha kumkamata sharti amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Asimpige, asimvue nguo, asimchome moto. Na baada ya hapo kazi haijaisha: shahidi aende mahakamani siku aliyoitwa. Mwizi aliyeachwa kwa kukosa shahidi ameachiliwa na kijiji, hakuachiliwa na hakimu.

Pili, polisi. Askari ampokee mlalamikaji kwa heshima, aandike maneno yake, asimdai kitu, wala asilitaje jina la mtoa habari mbele ya mshukiwa. Mtoa habari mmoja akisalitiwa, kijiji kizima hufunga mdomo, na mdomo huo haufunguki upesi.

Tatu, viongozi. Kiongozi asimwamuru polisi kupata mhalifu kwa siku tatu, kana kwamba ukweli huletwa kwa amri. Asiwatumie vijana wa ulinzi kuwatisha wapinzani wake wakati wa uchaguzi. Panapotokea kosa aulize habari kwa polisi na kwa wananchi mbele ya mkutano, maana mwamba ngoma huvutia kwake, na asikilizaye upande mmoja ameisikia nusu ya habari tu.

Nne, walimu na wazee, ambao neno lao lasikika. Hao ndio wa kusimama mbele ya kundi lenye hasira na kusema: "Ngojeni." Neno hilo ni fupi, lakini lataka moyo. Mwizi akikabidhiwa polisi leo hii, yawezekana kesho akathibitika kuwa ni mwizi, akafungwa. Na yawezekana akathibitika kuwa si mwizi, akarudi kwa watoto wake. Lakini mtu aliyeuawa usiku, asubuhi ikionekana kwamba alikuwa mpita njia tu, hapana baraza, wala mahakama, wala waziri awezaye kumrudisha.

Kwa hiyo atakayeuliza mlinzi wa kijiji ni nani, ajibiwe hivi: mlinzi ni askari, na kiongozi, na mwenyeji, wote watatu, kila mmoja akiwa chini ya sheria ileile. Mafiga hayalingani kwa ukubwa, walakini yakitulia mahali pao chungu huiva, na wote hula.